Sista Taja, Aliyewafundisha Wagonjwa Kuuliza

Marehemu, ambaye nusu ya mliokaa hapa mnamjua kwa jina la Sista Taja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, na dada zake tunashuhudia kwamba alianza udadisi kabla ya kuota meno.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akasoma sekondari, akafuzu chuo cha uuguzi mwaka 1972, na Januari iliyofuata akaanza kazi wodi ya wanawake, ambayo hakuihama mpaka alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na fundi saa, kijana mtanashati aliyechelewa harusi yake mwenyewe kwa saa nzima, msituulize alikuwa wapi, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Lipo jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe, asije mtu akampamba kupita kiasi. Agosti 1979 wagonjwa wawili walibadilishana vitanda, kwa kuwa mmoja alitaka dirisha, naye marehemu bila kuuliza akampa mmoja wao, mama muuza samaki, dawa ya kisukari ya mwenzake, mama wa watu akazimia, akapona kwa rehema za Mungu, na alipoulizwa mbona alimeza kidonge asichokijua, akajibu, "Mimi nani nimbishie sista?"

Tangu hapo hakumpa mtu dawa mpaka mwenyewe ataje jina lake, ugonjwa wake na kazi ya kidonge, akawafundisha wagonjwa kumuuliza kila anayewagusa kama amenawa, na daktari mmoja, ambaye hatumtaji maana mjane wake yuko safu ya pili, alinuna mwezi mzima kwa kuulizwa na bibi wa kitanda cha tisa, lakini alinawa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na Aprili 2025 alilazwa wodi ileile, ambako hakuogopa kufa, aliogopa kufa kwa kosa, kwani alijua mkosaji hubaki na mzigo huo miaka mingapi. Tarehe 20 Mei muuguzi wa zamu alimletea kidonge, akamuuliza kama ilivyo desturi ya wodi, "Mama, hiki cha nini?" naye kwa sauti ndogo akasema, "Hicho daktari alikisimamisha jana, mwanangu." Faili likafunguliwa, ikawa kweli, muuguzi akalia, mgonjwa ndiye akambembeleza, "Nyamaza, wewe umeuliza. Mimi sikuuliza."

Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, kwa ugonjwa wake mwenyewe, uso umetulia.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika na kuosha vyombo, wafanyakazi wenzake wa zamani, na muuguzi yule, ambaye amekuja kuzika leo akiwa na moyo mwepesi.

Pumzika, mdogo wetu, kwa amani uliyowatafutia wengine.