Lita Moja na Vijiko Sita

Nigeuzeni niangalie mlango, wanangu, ukuta huu nimeuchoka, halafu mkae kitako nyote wawili, wewe kaka mtu uache kusimama hapo kama mgeni anayetaka kuaga, na wewe binti yangu uache kulikunjakunja shuka langu. Mjomba wenu atakuwa shahidi, maana pumzi zenyewe sasa ni za kuokoteza na sitarudia.

Nyumba hii ni yenu wote wawili. Redio ni ya mjomba, na aache kujifuta macho, nilimwahidi zamani. Kilichobaki ni kiwanda chetu cha mikate. Mjomba, kwa nia njema, amenishauri niwagawie vyombo ili msiraruane nikishafumba macho: binti achukue mizani, kaka achukue jagi la lita, kila mtu akafungue kwake. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, sina raha. Fungueni dirisha. Sitaki kuvigawa!

Mnakumbuka ugomvi wenu ulikoanzia? Kaka ulirudi na dumu la lita ishirini alilokujazia muuza mafuta, jasho linakutiririka, dada yako akayapima, mizani ikamwonyesha kilo kumi na nane na kitu, akakuuliza mbele ya wafanyakazi kilo karibu mbili umezipeleka wapi. Badala ya kumjibu ukamwambia ana roho ya kutu. Naye akakwambia una mkono mrefu kama wa baba yenu. Nilikuja mbio na unga mikononi, nikawaambia lita ya maji ndiyo kilo, mafuta ni mepesi, lita yake haifiki, hakuna aliyeiba. Hamkunisikia. Ugomvi ulikuwa umeshahama kwenye mafuta, umeingia kwa baba yenu.

Tangu hapo mnapishana ukumbini kama wapangaji, "Mama, mwambie huyo unga umekwisha," "Mama, mwambie huyo nimeshaagiza," mimi nikageuka simu ya nyumba. Sasa simu inazimika, wanangu, na ninaogopa, naogopa kweli, maana sijui kesho mtasemezana kupitia kwa nani.

Lifungeni dirisha, baridi. Tanuri limewashwa? Sisikii harufu.

Sikilizeni. Mafuta tunayanunua kwa lita, mikate tunaikanda kwa kilo. Mwenye jagi peke yake atatia lita akidhani ni kilo, mkate umkauke. Mwenye mizani peke yake atapunjwa dukani huku anamshuku asiyehusika. Kwa hiyo vyombo sivigawi. Vitakaa meza moja, mbele ya tanuri moja, na atakayevitenganisha sina radhi naye.

Mjomba, vilete hapa. Ndiyo, hapa kando ya kitanda, weka kwenye kigoda. Na mafuta, na kijiko cha chakula.

Binti, weka jagi tupu juu ya mizani, urudishe mshale kwenye sifuri, uzito wa jagi usiingie kwenye mafuta, hapo nako watu hugombana. Kaka, mimina. Polepole, mpaka mstari wa lita. Basi. Haijafika kilo, eti? Naijua sura hiyo, binti yangu, ndiyo uliyokuwa nayo siku ile. Sasa ongeza kwa kijiko, mwanangu. Kimoja. Kingine. Usiharakishe, anayekufa ni mimi. Kingine... endelea... vitakuwa sita hivi, sijapata kuvihitaji zaidi.

Ndivyo hivyo, kwa kila lita, vilivyowatenganisha. Vijiko sita.

Nizikeni bila makuu. Tanuri lisilale siku hiyo, watu wale mikate ya moto. Na Mungu awape... awape mikono ya kushikana, wanangu, awape...

Mshale umefika? Usinitazame mimi, binti. Mimi sikumimina. Mwambie aliyemimina.

Sijasikia.

Sema, "Kaka, imetimia."

Ehee... Na wewe, mwanangu. Mjibu mdogo wako. Mjibu... ningali nasikia.