Maji ya Mama Melania Kule Mueda

Mheshimiwa Katibu Tarafa, uliyeacha kiti chako cha ofisini ukaja kukalia kiti chetu cha kamba; Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji; Padri wetu; Mzee Bujiku, baba mdogo wa binti na msimamizi wa mji huu tangu kaka yako alipotutoka; ndugu wauguzi mliotoka Shinyanga mjini mkala vumbi la Kishapu bila kulalamika; na wewe dada yangu Limi, Mama Justa, uliyekaa pale mlangoni ukatupa mgongo: mwadila! Wazee wangu, shikamooni.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Maige, mjomba wa Justa. Shule nilisoma mpaka darasa la nne. La tano liliniona nakuja likafunga mlango. Lakini dunia nimeisoma kwa miguu.

Kesho asubuhi Justa anapanda treni. Anakwenda Msumbiji kujitolea miaka miwili, kuuguza watu wa Mueda, mahali nilipokaa mimi mwaka wa sabini na tano na wa sabini na sita. Ila liko jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitaja: mama yake hajamruhusu. Mzee Bujiku amesema, "Mama yake akikubali, nami nimekubali." Na mama yake hajakubali wala hajakataa, amenyamaza wiki tatu, na kimya cha dada yangu ninakijua, ni kizito kuliko jiwe la kusagia. Kwa hiyo nimeombwa niseme. Nani mwingine angeombwa? Katika tarafa hii nzima, nani mwingine amewahi kuvuka mpaka wa nchi na ng'ombe wake?

Msumbiji ilipopata uhuru, walitafutwa watu wa kwenda kuwasaidia wakulima waliokuwa wakirudi makwao. Mimi niliinua mkono swali halijaisha. Nikachagua maksai wawili, Kaniki na Mawingu, nikachukua na plau, na kijiji kikanisindikiza kwa ngoma. Ruvuma, ndugu zangu, si kama vijito vyetu hivi ambavyo kiangazi mtu anachimba mchanga apate kikombe. Ule ni mto! Niliuvuka nimeshika mkia wa Kaniki, plau begani, na mamba walikuwa arobaini. Mabula, unacheka nini? Mwaka jana nilisema kumi na wawili? Mamba huzaana, Mabula!

Nikapokewa na mama mmoja mjane, Mama Melania, na kijana wake Marselino. Na niliyoyakuta kule, acheni tu. Sisi huku mtoto ni wa ukoo wa baba, ng'ombe wa mahari walitoka, neno limekwisha. Kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba! Mjomba akikohoa, baba mzazi anatafuta pa kukaa. Nikasema, Mungu wangu, kumbe nilizaliwa upande usionifaa! Usiogope, Mzee Bujiku, sikuja kudai mila za watu.

Lakini mila moja ilinishinda siku ya pili tu. Mueda iko juu, tambarare, na maji yako chini bondeni. Wanawake hushuka jogoo la kwanza na hupanda jua limeshawaka. Mimi sikujua. Nikaona mitungi minne kivulini, imejaa, na ng'ombe wangu wana kiu. Niulizeni ninyi wafugaji: mchungaji wa Kisukuma hunywa kabla ya ng'ombe? Hata mtoto hapa anajua. Kaniki akamaliza mitungi miwili, Mawingu akamaliza miwili, nami nikajiambia kwamba mwenyeji wangu atanisifu.

Mama Melania akarudi kutoka shamba, akachungulia mtungi wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne.

"Maige mwanangu, umeoga?"

"Hapana, mama. Nimenywesha ng'ombe."

"Wote?"

"Wote wawili."

Marselino ndiye aliyenifumbua macho. "Ndugu Msukuma," akasema, "hayo yalikuwa maji ya nyumba nne. Hao ng'ombe wako wanajua kushuka bondeni?"

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana! Alfajiri yake Mama Melania alisimama mlangoni kwangu na debe moja na ngata, akasema neno moja tu: "Twende."

Sasa, kwa miaka mitano nimewaambia ninyi kwamba kule nilikuwa mkuu wa maji wa wilaya. Leo mbele ya Padri nasema ukweli: nilibeba debe kichwani, mwanamume na ndevu zangu, nyuma ya wanawake kumi na moja, msimu mzima. Hao kumi na moja hawajaongezeka, Mabula, nilikuwa nawahesabu migongo. "Ee mume wa ng'ombe," walikuwa wakiniita, "shingo hiyo umeazima? Mbona maji yote yako mgongoni?" Na mimi nacheka, nao wanaimba, na ukungu uko chini yetu kama pamba iliyomwagwa. Ndugu zangu, nimekula nyama za harusi nyingi tangu hapo, lakini asubuhi kama zile sijazipata tena. Mpaka leo nikinywa maji hapa Kishapu, tone la mwisho silimwagi.

Nilikwenda kufundisha. Nani alifundishwa?

Ng'ombe wenyewe waliumwa na mbung'o. Wiki ya saba wote wawili walikuwa wamekufa. Marselino akanipa jembe la mkono. Hapo ndipo hotuba ingeweza kuishia, mkanipigia makofi, nikakaa. Lakini dada yangu bado ametupa mgongo, nami najua sababu, na sababu si Msumbiji.

Limi, uliniandikia barua. Mwalimu ndiye aliyeshika kalamu, lakini maneno yalikuwa yako: "Kaka, mama yetu Nyamizi anaumwa, anakuulizia asubuhi na jioni." Nimewaambia watu wote kwamba barua ilichelewa, kwamba Ruvuma ilifurika. Ruvuma haikufurika. Ilikuwa imepungua, mbuzi angevuka. Barua niliipata mapema, nikaisoma mara tatu, nikaiweka mfukoni. Niliona aibu! Nilisindikizwa kwa ngoma na maksai wawili, nitarudije na ngozi mbili? Nikasema, ngoja nivune kwanza, nirudi na la kusema, mama atangoja. Mama hakungoja. Ukamzika peke yako, dada yangu, na aliyepaswa kutupa udongo wa kwanza alikuwa Mueda akisubiri pamba ifunguke.

Barua ya pili, ya msiba, ilipofika, Mama Melania aliketi nami chini siku nzima. Wale wanawake walipopanda kutoka bondeni, waliweka mtungi mzima mbele yangu, wakasema, "Nawa uso, Maige." Mtungi mzima, kwa mtu mmoja. Watu wa namna hiyo ndio Justa anaokwenda kuwauguza.

Limi, usimfunge mtoto kwa kamba iliyokuwa ya shingo yangu. Nisamehe, au usinisamehe, hiyo ni haki yako. Ila yeye si mimi. Yeye ana elimu, na tena hana majivuno. Kuanzia Jumatatu ninahamia mji huu, nichote, nipasue kuni, nilale jikoni ukitaka, mpaka atakaporudi. Na wewe Justa, mjomba wako hana nasaha ila hii: mama yako akikuita, rudi. Rudi kabla hujamaliza kazi, rudi na mikono mitupu, rudi hata watu wakucheke stesheni. Usingoje upate la kujisifia.

Nyamazeni kidogo. Mama Justa amesimama.

Sema kwa nguvu, dada, walioko nyuma hawasikii.

Basi nitarudia mimi. Amesema: "Maige, kaa chini. Mtoto ale alale mapema, treni haimsubiri mtu, na blanketi lake nililifua tangu jana."

Tangu jana, ndugu zangu! Alilifua kabla sijafungua mdomo, na mimi nimewakausha koo bure. Mzee Bujiku, umesikia? Ameinama kukubali, mashahidi ni ninyi nyote. Mheshimiwa Katibu Tarafa, Padri, wageni wetu na majirani, kwa uvumilivu wenu na kwa masikio mliyoniazima, wabeja sana. Mimi nakaa, kama nilivyoamriwa.