Figo Si Mgeni Tena

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na hukaliwa na watu wanne wasioheshimiana. Wa kwanza ni Hakimu, ambaye hajamhukumu mtu maishani mwake. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama, na ni vyema jambo hilo lijulikane. Wa pili ni Fundi Bomba, ambaye jina lake analistahili nusu, kwani mabomba huyafungua yote na kuyafunga baadhi. Wa tatu ni mimi, ninayeitwa Karani kwa sababu nilikuwa karani. Wa nne ni Fundi Viatu mwenyewe, ambaye miaka miwili iliyopita alipandikizwa figo aliyopewa na dada yake. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, na Fundi Viatu alikaa pekupeku, miguu imemvimba hata vifundo havionekani.

— Hizo ni taka za dawa, alianza Fundi Bomba. Zinashuka. Uchafu haupandi juu, bwana.

— Lakini dawa nimeziacha siku ya tisa leo, alisema Fundi Viatu.

— Ndiyo maana zinashuka! Zamani zingepitia wapi, na wewe asubuhi na jioni unaongeza nyingine juu yake?

Niseme wazi kwamba ni benchi hili lililomwachisha dawa. Zilikuwa za kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, na daktari alimwagiza azinywe kila siku kwa saa zile zile, maisha yake yote. Kisha akaja hapa na mafua yasiyoisha, akatueleza kwamba daktari mwenyewe amekiri: dawa hizo hupunguza kinga. Ikawa basi.

— Mtu anakufungia mbwa wako, Hakimu alisema siku ile na kurudia leo, halafu anashangaa mwizi kaingia!

— Lakini alisema nisiache hata siku moja.

— Wahenga walisemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Figo yako ina siku mbili?

— Ina miaka miwili.

— Ni mgeni huyo?

— Si mgeni, alidakia Fundi Bomba.

— Sasa askari wa kumlinda wa nini? Mpe jembe alime!

Walicheka. Mimi nilikunywa kahawa yangu. Kunyamaza kwangu watu hukuita busara, nami sijawahi kuwasahihisha.

— Kesho ni siku yangu ya kupimwa damu, alisema Fundi Viatu.

— Ukafuate nini? aliuliza Hakimu. Damu yako imetulia. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

— Usiku nikilala chali pumzi inakata.

— Lala ubavu.

Jibu hilo lilitolewa haraka, kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. Fundi Viatu akatikisa kichwa kukubali. Ana mikono inayojua kila mshono wa kiatu, lakini mbele ya mtu mwenye sauti kubwa huwa kama mwanafunzi.

— Hebu nisikilize, Fundi Bomba alisogeza kikombe. Hiyo figo ni ya mwanamke, sivyo?

— Ya dada yangu. Mkubwa.

— Mmegombana?

— Aa... tangu Jumapili sipokei simu zake. Ananiuliza mambo ya dawa tu.

— Basi! Kakasirika huko aliko, figo inanuna humu ndani. Nyumba mbili zikichangia bomba moja, huyu akifunga kwake, kwa mwenzake presha inapanda. Hiyo ni hesabu, siyo uchawi.

— Na kisheria bado ni yake, Hakimu aliongeza.

— Si alinipa?

— Mliandikishana?

— Hatukuandikishana.

— Ohoo! Umekalia mali ya watu, ndugu yangu. Huyo anaweza kuivuta hata akiwa jikoni kwake.

— Sasa nifanye nini?

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli. Hilo ndilo lililonichoma.

— Mpelekee kitambaa kizuri, alisema Fundi Bomba. Akicheka yeye, figo nayo itacheka.

Hakikuhitajika kitambaa. Dada mwenyewe alikuwa anavuka barabara, mpishi wa shule, aproni bado i kiunoni. Alitusalimu vizuri kuliko tulivyostahili. Kisha akachutama mbele ya ndugu yake, akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

— Nimetoka kwako, alisema. Mkeo amenionyesha dawa. Hazijapungua.

— Dada, figo si mgeni tena...

— Kasema nani?

Fundi Viatu alilitazama benchi. Benchi likatazama barabara.

— Sisi, mama, tulikuwa tunachambua tu, alisema Hakimu.

— Vizuri. Wachambuzi basi mtanisaidia. Amekaa na nyinyi tangu saa ngapi?

— Tangu saa moja.

— Amekunywa nini?

— Kahawa vikombe vitatu, alijibu Fundi Bomba, akafurahi kwa kuwa alilijua hilo.

— Ameinuka mara ngapi kwenda kukojoa?

Hakimu alimgeukia Fundi Bomba. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye kuliko wote, mabega yetu yakigusana, na sikuwa nimeangalia. Fundi Bomba, ambaye riziki yake yote ni kujua maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, aliinamia kikombe chake.

— Sijakojoa tangu jana mchana, dada, alisema Fundi Viatu polepole. Nao mkojo ulikuwa kidogo tu.

Dada alifumba macho, akayafumbua. Akauchukua mkono wa ndugu yake, akauzungusha shingoni mwake.

— Twende hospitali.

— Kesho si ndiyo siku yangu?

— Leo. Sasa hivi.

— Itapona, dada?

— Sijui. Inuka.