Namba Arobaini na Moja

Kijiwe chetu kiko Tangini, Kibaha, ubavuni mwa duka la vifaa vya umeme: benchi moja la mbao, na Rajabu na birika lake la kahawa. Jumanne ile baada ya swala ya alasiri tulikuwa wanne. Ponsiano, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mahakamani, mara moja tu. Maulidi, au Betri, maana akianza kuongea haishi chaji. Mimi, katibu wa kikundi. Na Evodius, mtengeneza programu za kompyuta, ambaye kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Kikundi chetu kina watu sitini, kila mmoja na namba yake, na eneo la mashamba kule Mzenga, Kisarawe, na kila mmoja anataka kipande cha karibu na kijito. Mwaka jana tulijaribu kura ya vikaratasi ndani ya ndoo, tukaishia kushikana mashati. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, Evodius alituchezeshea kura kwa kompyuta na redio ndogo.

— Hebu rudia, Evo, alisema Wakili. Redio inahusikaje na mashamba yetu?

— Kompyuta peke yake haijui kubahatisha, mzee. Inafuata hesabu, na mjanja anayeijua hesabu anaweza kujua namba inayofuata. Kwa hiyo naiweka redio katikati ya stesheni mbili, pale penye mikwaruzo tu. Programu inaisikiliza ile mikwaruzo, inaigeuza kuwa namba. Haichakachuliki, kwa sababu hakuna anayeipanga.

— Hakuna anayeipanga, alirudia Betri. Una uhakika, mwanangu?

Aliuliza hivyo kwa sababu ya yaliyotokea Jumamosi ile.

Kwa kipande cha kwanza ilitoka arobaini na moja. Namba ya Abeid, mwenzetu anayeishi kulekule Mzenga peke yake akilinda eneo. Hakuwepo. Watu wakapiga kelele: mashine imekwama, anza upya! Evodius akaanza upya. Arobaini na moja. Akaazima redio ya Rajabu, akahamia masafa mengine, akaanza upya mbele ya macho yetu. Arobaini na moja. Mama mmoja nyuma akaanza kusoma dua kwa sauti, na tukatawanyika bila kuagana.

— Sema ukweli, Evo, alisema Wakili. Abeid ni shemeji yako?

— Simjui hata sura.

— Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana hata redio imemjua ndugu yake.

— Tangu Jumapili nimeiendesha mara elfu kumi. Namba zote sitini zinatoka sawasawa tu. Namba ikishatoka, kurudi mara mbili mfululizo ni bahati moja katika elfu tatu na mia sita. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwepo, nikaisikia ile mikwaruzo. Silali.

— Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Betri. Namba imekuja mara tatu. Tumpe Abeid jembe na shamba, yaishe.

— Lisemwalo lipo, alijibu Wakili, na kama halipo linatafuta stesheni.

Tulicheka. Rajabu hakucheka.

— Redio yangu tangu mlipoirudisha, nikiiwasha haianzi kuongea. Inanyamaza kwanza, kama mtu anavuta pumzi. Nimeitoa betri.

Betri alisogea karibu, akashusha sauti.

— Sikieni. Sauti haifi. Waliokufa wote wanaongea pale katikati ya stesheni, ila wanaongea kwa mpigo, ndiyo maana sisi tunasikia shshsh. Jumamosi wakakubaliana neno moja.

Hakuna aliyemwambia aache zake. Jua lilikuwa linawaka, lakini tulisogeleana kwenye benchi.

Dada mmoja alikuwa amesimama akisubiri kashata. Firdausi, aliyehamia mtaani wiki iliyopita.

— Shikamooni. Samahanini, nimesikia bila kutaka. Huyo Abeid mwenyewe anasemaje?

Wakili akamtazama Betri. Betri akanitazama mimi.

— Si wewe katibu?

— Nilidhani Evo amempigia.

— Mimi namba yake ya simu sina, alisema Evodius.

Nilipiga palepale. Haipatikani. Nikapiga tena. Firdausi alibaki ameshika kashata yake, akitutazama mmoja mmoja, na mimi nilishindwa kumwangalia.

Sisi wanne tulipanda gari la Wakili kwenda kumtazama, tukapitia Mlandizi. Tulifika Mzenga jua likiwa bado halijazama. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, uji umekauka kwenye sufuria. Tukaita. Kutoka kwenye kisima tulichokuwa tunachimba ilisikika sauti nyembamba ikitaja majina, moja baada ya jingine. Yalikuwa majina yetu. Tuliinama tukamwona Abeid chini, mguu umevunjika. Alikuwa akiishi kwa maji ya tope. Majirani walileta kamba, tukamtoa, tukamkimbiza Tumbi hospitali.

Njia nzima Betri alirudia: redio imesikia kilio cha mtu. Hata Evodius alianza kutikisa kichwa kukubali, na nadhani ilimpa nafuu.

Kesho yake tulikwenda kumwona. Mguu ulikuwa umefungwa plasta na sauti imerudi.

— Ulianguka Jumamosi, sivyo? aliuliza Evodius. Kwenye saa kumi hivi?

— Jumamosi? Hapana. Jumapili asubuhi. Nilishuka kutoa ndoo, ngazi ikateleza, na simu ikaingia majini.

Evodius alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

— Jumamosi nilikuwa mzima kabisa, aliendelea Abeid. Nilikaa mlangoni na simu mkononi mpaka giza likaingia, nikisubiri katibu anipigie kuniambia matokeo ya kura.

Akanigeukia, anatabasamu, hana kinyongo hata kidogo.

— Kwani ilitoka namba gani?