Orval Teter na Risasi ya Pili

Ndugu na majirani, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Orval Teter, fundi bunduki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Franklin, Virginia Magharibi, mtoto wa nne wa mzee Harlan na mama Icie, akamaliza sekondari mwaka 1969, akaenda jeshini akarudi salama, na mwaka 1974 akafungua karakana nyuma ya nyumba, ambako wengi wenu mlileta bunduki mkasubiri huku mkinywa kahawa yake iliyoungua.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Wilda, mfugaji wa kondoo, wakajaliwa binti mmoja, Darlene.

Mwaka 2011 Wilda alianguka kwenye trekta akavunjika bega, likaunga, lakini tangu hapo bunduki ikawa inampiga teke hadi machozi, na mbweha hawakumhurumia, akasema akishindwa kulinda zizi atauza kundi lote, na kundi lenyewe aliachiwa na mama yake.

Orval akafungua kitako cha bunduki, humo mna kipande cha chuma ambacho ukipiga hurudi nyuma pamoja na bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya risasi, kisha springi inavisukuma mbele kuingiza risasi nyingine, akakitoa akaweka kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, maana chuma kizito huenda taratibu na teke hupoa. Ilikuwa Agosti, Wilda akapiga, akacheka, akasema, "Mzee, hii sasa inanigusa kama paka anayejisugua."

Februari iliyofuata, theluji ikiwa magotini, mbweha akaingia zizini, Wilda akapiga akamkosa, risasi ya pili haikuingia, kwa sababu mafuta ya bunduki yaliganda kwa baridi na chuma kile kizito hakikurudi nyuma vya kutosha, mbweha akaondoka na mwanakondoo, Wilda akaiweka bunduki juu ya meza ya jikoni, akasema, "Umenipa mto wa kulalia, Orval, mimi nilitaka bunduki."

Orval aliiacha barazani ipigwe na baridi, asubuhi akaweka risasi moja tu kwenye magazini, kasha la risasi, akapiga aone kama bolti itabaki nyuma, maana kasha likiwa tupu bolti iliyorudi vya kutosha hunaswa huko, haikubaki, akapunguza uzito kidogo, akairudisha kwenye baridi, ikawa hivyo wiki nzima, hata jirani Dorsey akamtania, "Teter, unaifundisha bunduki kuvumilia theluji?" naye akajibu, "Mwanafunzi ni mimi, bwana."

Bolti ilipobaki nyuma kila mara, akamwita Wilda apige, akasimama anamtazama bega, shabaha hakuiangalia kabisa, Wilda akasema, "Inauma kidogo," Orval akasema, "Hicho kidogo ndicho kinacholeta risasi ya pili, mke wangu."

Kundi halikuuzwa.

Oktoba 2023 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa, akaomba arudishwe nyumbani, na asubuhi ya tarehe 18 Februari 2024, Darlene akiwa amemshika mkono na Wilda yuko zizini, ulisikika mlio mmoja wa bunduki, Orval akafumbua macho akangoja, ukaja wa pili, akayafumba, na hakuyafumbua tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani kwa maharage na mikate ya mahindi iliyojaa jikoni.

Pumzika kwa amani, Orval, ya pili iliingia.