Gerishon Mwandawiro na Kampuni Mama

Wapendwa mliokuja kutufariji, mimi ni Mwakio, shemeji yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Gerishon Mwandawiro, aliyezaliwa Wundanyi, Taita, tarehe 14 Machi 1962, akasoma shule ya msingi huko huko milimani, kisha akajifunza kuchomelea vyuma chuoni Mombasa, akahitimu Novemba 1984.

Alifika Toronto tarehe 2 Mei 1991, na Septemba akaajiriwa na Norvane, kampuni iliyoanza kama karakana ya matela ya trekta, ikanunua kiwanda cha mabehewa, ikanunua cha ndege, ikawa kampuni mama yenye kampuni tanzu mbili, naye akawekwa upande wa treni. Tarehe 6 Agosti 1994 alimwoa dada yangu Wakesho, kanisani Scarborough, Mungu akawajalia Michelle na Derek.

Neno hilo, kampuni mama, shemeji alilipenda kupita kiasi. Uvumi wa mauzo ulipoanza mwaka 2015 alitucheka, akasema mama hauzi mwanawe, na Michelle alipomweleza kwa Kiingereza chake kwamba hiyo ni lugha ya ofisini tu, aliambiwa ale, ugali unapoa. Mwaka 2019 mama aliuza ndege, 2021 akauza treni, na Gerishon wetu humo humo, kisha mnunuzi akahamishia kazi kwingine, akafunga kiwanda tarehe 30 Juni 2023, mafundi wakaambiwa wasubiri nyumbani wataitwa. Naye alisubiri kweli, viatu vya kazi vikiwa mlangoni, vimepigwa rangi.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Kila aliyemtembelea hospitalini aliulizwa kama watu wameanza kuitwa, nasi tuliokuwa tukipita karibu na kiwanda kwa basi na kuona kimebomolewa, tulimjibu kwamba mazungumzo yanaendelea, maana ulimi ulikuwa mzito, jamani, na dawa ya kumpa hatukuwa nayo. Tarehe 3 Januari 2025 alikuja Nadim, aliyechomelea naye bega kwa bega, akaulizwa lile lile, akaangua kilio kabla hajajibu. Gerishon alimshika mkono, akampa pole yeye Nadim, na tangu hapo hakuuliza tena. Alituaga Jumapili tarehe 19 Januari, dada yangu akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofani mliotuletea chakula hata tulipokuwa hatuwezi kula, na mafundi wenzake mliofika leo na theluji yote hii. Kampuni nayo tulitaka kuishukuru, tukapiga simu kwa mama, tukapiga kwa mnunuzi, na kila ofisi ilitujibu kwamba Gerishon si mtu wao.

Shemeji, wewe ni wetu. Pumzika kwa amani.