Nani Anagonga Bampa la Nasibu?

Pale Bigwa, mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Hicho ndicho kijiwe. Abeid hufika na birika lake la kahawa kabla jua halijavuka mgongo wa Uluguru, na wenyewe humfuata mmojammoja. Kuna Mwinjuma, mwenye karakana, wanayemwita Injinia. Kuna Dadi, Profesa, aliyepalilia bustani za chuo kule Mzumbe miaka ishirini na mbili na kusikiliza mihadhara mingi kupitia madirishani. Kuna Evance wa bodaboda, Chapu, ambaye hajawahi kumaliza kikombe kimoja bila kusimama mara tatu. Na kuna Nasibu, mwenye pikapu ya bluu inayopanda kijiji cha Lukwambe kila siku kuchukua ndizi, njegere na kina mama wanaozileta mjini. Yeye ni Taratibu, kwa sababu hata kuku aliyesimama kando ya njia anampigia honi. Jina hilo analipenda. Ndiyo maana Jumanne ile alipofika na uso wa mtu aliyesingiziwa, kila mmoja alisogea kumpisha akae.

— Limerudi, alisema Nasibu.

— Nini kimerudi? aliuliza Evance.

— Bonde. Kwenye bampa la nyuma. Palepale upande wa kushoto.

Waliinuka wote, vikombe mkononi, wakaizunguka pikapu. Kweli, bampa lilikuwa limebonyea, bonde la ukubwa wa kiganja, na rangi mpya ilikuwa imechubuka. Mwinjuma alilipapasa kama daktari anayepapasa tumbo.

— Hili nimelinyoosha Alhamisi, alisema. Na Alhamisi ya kabla yake. Taratibu, wewe unagonga nini?

— Sigongi kitu! Nikirudi nyuma nashuka, naangalia, napanda, narudi hatua mbili, nashuka tena. Watu wananitukana barabarani kwa kushuka.

— Hilo ni kweli, alisema Evance. Mimi mwenyewe nimewahi kukutukana.

Jambo lenyewe lisingekuwa zito kama si harusi. Jumamosi, Furaha, binti yake Nasibu, alikuwa anaolewa, na pikapu ndiyo ingebeba matarumbeta mbele ya msafara. Mpiga video angekaa kwenye gari la nyuma, akiwachukua wapiga tarumbeta njia nzima kutoka Bigwa mpaka ukumbini. Bampa lingekuwa kwenye kila picha.

Hayo ndiyo aliyowaambia. Jingine hakuwaambia. Nasibu alikuwa ametimiza miaka hamsini na tisa, na wiki mbili hizo alikuwa halali vizuri. Mtu anayegonga kitu mara tatu bila kujua, alijiuliza, siku akimgonga mtu atajua? Alikuwa ameanza kufikiri kwamba harusi ikipita, aiuze pikapu.

— Tuanze na sayansi, alisema Dadi, akikaa. Mlima una nini ndani? Ulanga. Mababu walichimba ulanga kule juu, yale mawe ya kumetameta. Sasa ulanga na chuma...

— Ulanga hauvuti chuma, Profesa, alisema Mwinjuma. Mimi nimeshika sumaku toka nikiwa na miaka kumi na mbili. Tatizo ni baridi. Bati za siku hizi zina kumbukumbu. Ukilinyoosha, linatulia. Likipanda Lukwambe, likapigwa na ule ukungu, linakumbuka lilivyokuwa, linarudi.

— Kwa hiyo bati linakumbuka, halafu wewe uliyelinyoosha hukumbuki kulifanya lisahau? alisema Evance.

Walicheka mpaka Abeid akamwaga kahawa. Nasibu naye alicheka, kidogo.

— Mnapoteza muda, aliendelea Evance. Ni bajaji. Sokoni pale bajaji zinaingia kama sisimizi. Anakugusa, anaona hakuna mtu, anasepa. Dawa ni kulivalisha. Kata tairi kuukuu, piga bolti, bampa lote livae koti.

— Msafara wa harusi na tairi kuukuu nyuma? alisema Nasibu. Wakwe watasema tumekuja na tela la ng'ombe.

— Basi godoro.

— Godoro!

— Ngojeni, alisema Dadi, na safari hii hakuwa anatania. Tunataka kulilinda, au tunataka kumjua anayelipiga? Maana ukilivalisha tairi, hutamjua. Chukueni mgomba. Shina la mgomba ni laini. Tulifunge kwenye bampa. Chochote kitakachogonga kitaacha sura yake pale. Kesho asubuhi tunamsoma.

Waliweka vikombe chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kumsikia Profesa akisema kitu kinachoweza kufanyika. Evance alikuwa ameshakimbilia nyuma ya karakana, kwenye migomba ya Mwinjuma, na baada ya robo saa pikapu ya bluu ilipanda mlima ikiwa na shina la mgomba limefungwa kamba za katani nyuma yake, na kila aliyeiona njiani aligeuka kuitazama tena.

Jumatano asubuhi walikuwapo kabla ya Abeid. Hata Evance alikuwa amekataa abiria. Nasibu alisimamisha gari, hakushuka.

— Niambieni tu, alisema kupitia dirishani.

— Njoo uone mwenyewe, alijibu Mwinjuma.

Upande wa kushoto wa shina kulikuwa na alama. Haikuwa mkwaruzo wala tundu. Ilikuwa duara lililokatika nusu, limezama upana wa kidole, safi kama limepigwa muhuri.

— Mwezi, alisema Dadi polepole. Mwezi mchanga kabisa.

— Kwato, alisema Evance. Hiyo ni kwato ya punda. Punda anapiga teke kwa nyuma, tena upande uleule, ana mguu wake anaoupenda.

— Nimepanda Lukwambe miaka tisa sijaona punda.

— Ndiyo maana anakupiga, hujamsalimia hata siku moja!

— Chini ya mtungi wa gesi kuna duara kama hilo, alisema Mwinjuma. Ila mtungi hautembei.

— Kilichotoka juu kinatembea, alisema Dadi. Kuna vimondo vinadondoka kutoka angani. Nilisikia mhadhara. Vinapenda sehemu za milima kwa sababu ziko karibu.

— Vidondoke kwa Nasibu tu? Mara tatu? Kushoto tu?

— Sijasema nimemaliza utafiti.

Nasibu alikuwa amechuchumaa mbele ya shina, ameingiza kidole kwenye ile alama, anakizungusha. Walikuwa wakibishana juu ya kichwa chake, lakini hakuwa akiwasikia. Kitu chenye mdomo wa mviringo. Kizito. Kilichosimama, kwa sababu kama kingekuwa kinatembea kingekwaruza. Kwa hiyo kilikuwa kimesimama, na gari ndilo lililokwenda kukifuata. Alikitoa kidole. Ni yeye, basi. Ni yeye aliyekigonga, na hakujua.

— Hodi hapo, wanangu.

Alikuwa Bibi Mosi wa Lukwambe, mwembamba, khanga mbili, kikapu mkononi. Wote walimwamkia kwa pamoja.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba. Hamjambo? Nasibu baba, nimelala kwa mdogo wangu hapa Bigwa, jana ulinileta kuja kuonyesha nyonga hospitali. Sasa nakwenda nyumbani. Unapanda leo?

— Napanda bibi, sasa hivi. Karibu.

Bibi Mosi alienda nyuma ya pikapu. Aliuangalia tena ule mgomba wa jana, kama mtu aliyekwisha kuona mambo mengi ya watu wa mjini. Aliweka kikapu chake juu ya bodi. Kisha akatazama chini, kulia, kushoto, na kuwageukia wale wanaume wanne.

— Kinu kiko wapi?

Walitazamana. Mwinjuma aliangalia karakana yake kama vile huenda alikuwa nacho.

— Kinu gani, bibi? aliuliza Evance.

— Cha kupandia.

 Nasibu alisimama taratibu, magoti yakamlia.

— Bibi, alisema, kule nyumbani huwa unapandia kinu?

— Sasa nitapandia nini, na nyonga hii? Wenzangu wanakiegesha hapa, kimeinamishwa, mdomo ukielekea gari. Nakanyaga kinu, nakanyaga hicho chuma chako, wananivuta. Toka masika. Kwani hujui?

— Sijui.

— Miezi yote hiyo?

Nasibu alishindwa kuinua macho. Kina mama wanapopanda nyuma, na khanga na vitenge vyao na mizigo yao, yeye hukaa kwenye usukani na kutazama mbele. Marehemu baba yake alimfundisha hivyo akiwa utingo wake: mwanamke akipanda gari, dereva haangalii vioo. Alikuwa ameishika adabu hiyo miaka thelathini na kujivunia. Husubiri mtu agonge bodi mara mbili, ndipo anaondoka.

— Na mkishapanda, alisema, kinu anakitoa nani?

— Wanaobaki. Ila wewe wiki hizi za karibuni unaondoka haraka, gari linarudi kidogo halafu ndiyo linapanda.

Evance alipiga paja.

— Taratibu anaondoka haraka! Hiyo hata punda ni afadhali!

Lakini Nasibu alikuwa ameshafungua mlango wa mbele.

— Bibi, leo kaa huku. Na siku zote.

Bibi Mosi alikiangalia kiti, kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, kisha akamwangalia Nasibu kwa huruma.

— Leo nitakaa, kwa sababu niko peke yangu. Siku nyingine hapana. Huko mbele nitaongea na nani?

Mchana ule, kule Lukwambe, Nasibu aliomba radhi kwanza, kisha akashuka na kusimama pembeni. Kituo kiko chini ya kilima kidogo. Kutoka pale lazima upande kwanza ndipo uanze kuteremka kwenda mjini. Aliona mambo ambayo kwa miaka tisa aliyasikia tu kwa mgongo. Aliona matenga ya njegere yakirushwa na gari likitikisika kila tenga linapotua. Aliona mwanamke mjamzito akipanda kwa goti. Aliona kinu cheusi, kizee, kikiegeshwa upande wa kushoto, na wanne wakikikanyaga, sio mmoja. Alirudi kwenye usukani, akatoa hendibreki kama anavyoitoa siku zote, na kwa kuwa safari hii alikuwa anasikiliza, aliisikia: pikapu ilirudi shubiri moja kabla klachi haijashika, na nyuma kitu kikasema du, kidogo sana, katikati ya vicheko vya abiria.

Alizima gari. Alikaa pale na mikono kwenye usukani. Macho yake hayakuwa na ugonjwa, wala masikio, wala miguu. Alisikia nafuu, halafu akasikia aibu, na hakujua ipi imetangulia.

Alhamisi aliwaeleza kijiweni. Dadi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kinu ni cha mti gani.

— Sasa, Taratibu, alisema Mwinjuma. Nina mageti ya mtu ya kumaliza. Kesho nina saa mbili tu za kukupa. Nalinyoosha bampa, nalipiga rangi, Jumamosi linang'aa. Hicho kinu waambie wasikiweke tena.

— Halafu watapandaje?

— Watajua wenyewe. Bampa si lako?

— Wakiacha kinu, yule bibi haji mjini. Hospitali ndiyo basi.

— Basi weka mkeka wa mpira kwenye bampa, alisema Evance, kinu kikija kikutane na mpira.

— Na yule mwenye mimba? aliuliza Nasibu. Kinu kinayumba, Chapu. Nimekiona. Kinayumba.

Alisimama, akaenda nyuma ya gari, akapima kwa mkono kutoka chini mpaka kwenye bampa.

— Injinia, saa mbili zinatosha kuchomelea ngazi? Vidaraja viwili, vya nondo nene, na kishikio kwenye nguzo ya bodi. Ikae chini ya bampa, ishikwe na chesisi.

— Zinatosha ngazi. Hazitoshi ngazi na bampa.

— Ngazi.

— Na video?

Nasibu aligusa lile bonde. Alikuwa anamfikiria Furaha, ambaye alikuwa ametuma picha za mapambo kwa wiki nzima.

Jioni alimweleza. Furaha alikuwa amekaa na hina mikononi, haruhusiwi kushika kitu. Alimsikiliza baba yake akieleza kinu, na mwezi, na Bibi Mosi, kisha akauliza jambo moja.

— Hao kina mama umewaalika?

Nasibu aliinuka akatafute kadi za mwaliko zilizobaki.

Jumamosi saa nane mchana kijiwe kizima kilikuwa kimevaa mashati ya mikono mirefu. Pikapu ilikuwa imeoshwa mpaka matairi, na bonde lilikuwa palepale, limefungiwa utepe mweupe ambao haukuficha chochote. Mpiga video alilipiga jicho, akamsogelea Nasibu na kumnong'oneza kwamba anaweza kuchukua kwa upande wa kulia tu, lisionekane.

— Chukua kote, alisema Nasibu.

Wapiga tarumbeta watano walikuwa wameshapanda na ngoma yao kubwa. Abeid alikuwa akiwagawia kahawa ya mwisho kwenye birika. Ndipo kina mama wa Lukwambe walipofika, kumi na moja, wamevaa sare ya kitenge waliyoipata wapi kwa siku mbili Mungu ndiye anajua. Kulikuwa na basi dogo la wageni, lakini Bibi Mosi hata hakuliangalia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pikapu. Alishika kishikio, akakijaribu kama mtu anayejaribu jino. Aliweka mguu kwenye kidaraja cha kwanza. Nondo haikuyumba.

Nasibu alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika kikapu. Alisahau kutazama mbele.

— Sogeeni, Bibi Mosi aliwaambia wenye tarumbeta, akiwa tayari juu. Wenzangu wanakuja.